Mwali Ndani ya Miwani

Siti, binti aliyetumwa na chuo chake cha Dar es Salaam kupiga picha nyumba za zamani za delta ya Rufiji, alikubaliwa kuingia chumba cha ndani kwa sharti moja: aingie peke yake, aitege mashine yake, atoke. Sharti hilo lilitoka kwa Sijaona, dada yake Mfaume mwenye nyumba. Mle ndani alikuwamo mwali. Maimuna, binti wa Mfaume, alikuwa amewekwa ndani tangu mavuno ya mpunga ya mwaka uliotangulia akingoja ndoa yake, na mpaka siku ya kutolewa hakuna mwanamume aliyeruhusiwa kumtia machoni, hata baba yake mzazi. Sijaona ndiye aliyemlinda na kumfunda.

Wangeweza kumhamishia kwa jirani kwa muda mfupi. Lakini mwali havushwi uwanja mchana, na uwanja wa kijiji chao, Mbuchi, ni mweupe, mtu akipita anaonekana mpaka mtoni. Kwa hiyo walimficha pembeni, nyuma ya kanga iliyotundikwa kambani. Siti akaitega mashine katikati ya chumba juu ya miguu yake mitatu, mdomo wake ukielekea dirishani. Akaomba watu wote watoke, maana hata yeye mwenyewe hakutakiwa aonekane pichani. Sijaona akajibu kwamba naye anakuja nyuma yake. Siti alipotoka, Sijaona akafunga mlango kwa ndani.

Sijaona aliijua kamera. Alishapigwa picha Kibiti, studio, ameketi kitini mbele ya ukuta uliochorwa maua. Kamera ina mdomo. Kilicho mbele ya mdomo ndicho kinachochukuliwa, na kilicho nyuma hakimo. Nyuma ya ile kanga palikuwa na joto la tanuri, na mwali ameanza kukohoa. Basi akamtoa, akamkalisha mkekani nyuma kabisa ya mashine apate kupumua. Yeye mwenyewe akaupa mlango uso na chumba mgongo, mkono juu ya komeo, asije mwanamume akakosea njia.

Hapo mashine ikaanza kugeuka. Haikutoa sauti kubwa kuliko ya mende anayetembea juu ya karatasi. Mdomo uliacha dirisha, ukapita kitanda, ukapita sanduku la nguo, ukaja polepole upande wa mkeka. Maimuna aliuona ukija. Angeweza kujifunika. Angeweza kumwita shangazi yake. Alikaa vile vile, kidevu juu ya goti, akautazama mpaka ukampita.


Nyumba hiyo Mfaume aliirithi kwa baba yake, naye baba aliirithi kwa baba yake. Kuta zake ni udongo na fito za mkoko. Imeinuliwa juu ya nguzo za mkandaa, mti wa mikokoni, maji makubwa ya bamvua yanapita chini yake na kurudi mtoni bila kulowesha mkeka wa mtu. Juu ya vyumba pana dari la boriti la kuwekea mpunga. Watu wa Mbuchi waliizoea kama wanavyozoea mikono yao, na wengi wao walikuwa wakitamani nyumba ya matofali na bati.

Aliyetamka hivyo waziwazi ni Abdulswamadu, baba wa kijana aliyemposa Maimuna. Yeye alikuwa mnunuzi wa kamba wa baharini. Alikuwa na gari la barafu, na nyumba yake ya Kibiti ilikuwa na madirisha ya vioo. Siku ya kuleta posa alipanda ngazi ya Mfaume akishikilia kanzu yake kama mtu anayevuka dimbwi, akaliangalia dari, akasema kwa upole kwamba siku hizi matofali yanapatikana, na kwamba mzee akitaka anaweza kusaidiwa kuachana na nyumba ya matope. Hakuwa na nia mbaya. Mfaume alimshukuru, akamkaribisha chai, na usiku ule hakula.

Kwa hiyo Siti alipokuja na kueleza shauri la chuo chake, Mfaume alimsikiliza kwa masikio yote mawili. Siti alisema zamani boriti za Rufiji ziliuzwa Uarabuni, nchi isiyo na miti, na kule Omani ziko nyumba za kale ambazo dari zake mpaka leo zimebebwa na mikoko ya huku. Vyuo vya nchi mbalimbali vilikuwa vinazichukua nyumba kama hizo katika kompyuta. Si picha ya kutundika ukutani. Mtu anavaa miwani mikubwa, anashika kidude mkononi, anajikuta yumo ndani: akigeuza kichwa anaona kilicho nyuma yake, akitaka kwenda chumba cha pili anakwenda. Mwomani ataingia nyumba ya Mfaume, na Mfaume ataingia ya Mwomani, bila mmoja wao kupanda chombo.

"Na mtu wa Kibiti je," Mfaume aliuliza, "ataweza kuingia?"

Siti akasema maonyesho ya kwanza yatafanyika Kibiti. Tangu hapo Mfaume hakuwa na habari nyingine. Alimwalika Abdulswamadu kwa mdomo wake, mbele ya watu, pale gatini wanapopimia kamba. Alimwambia aje na mkewe, aje na ndugu zake, waje waone kama matope yana dari.


Mwaka ule daraja kubwa la Rufiji lilikuwa limefunguliwa, na Kibiti ilikuwa imejaa mitumba, vibanda vya simu na magari yanayokwenda kusini. Maonyesho yaliwekwa katika ghala la zamani la chama cha ushirika, lililokuwa halina tena korosho wala pamba tangu wanunuzi binafsi walipoanza kwenda mashambani wenyewe. Popo walikuwa wamefukuzwa asubuhi. Jenereta lilinguruma nje. Ndani palikuwa na meza, kompyuta, kiti kimoja na miwani moja, mikubwa na mizito, mfano wa ile ya wachomelea vyuma.

Siti alikuwa na wasiwasi. Kazi ya kuziunganisha picha ilifanyika ng'ambo, kwa wenzao wa chuo kingine, na sahani ya kompyuta yenye nyumba zote mbili, hii na ya Omani, ilimfikia jana yake jioni. Alikuwa ameijaribu ukumbini na barazani tu, akaona inakwenda, akalala.

Wanaume walijipanga upande mmoja, wanawake wakakaa kwenye mikeka upande wa pili. Mfaume alivaa koti la kuazima lililombana makwapani. Ilikubaliwa kwamba mwenye nyumba aanze, kisha mkwe wake Abdulswamadu, kisha wengine kama walivyojipanga.

Akavalishwa miwani. Kisha watu wakamsikia akisema "Bismillahi" na kuinua mguu, kama anayepanda ngazi, na ghala zima likacheka. Hakuwasikia. Alikuwa barazani kwake. Jua lilikuwa limelala sakafuni kama linavyolala kila asubuhi. Aliinua uso akaliona dari, boriti moja baada ya nyingine, nyeusi kwa moshi wa miaka, na akaona fahari ambayo hakupata kuiona kwa macho ya kila siku. Alipita ukumbini. Alipita jikoni. Akafika kwenye chumba cha ndani, ambacho kwa miezi mingi alikuwa akiishia mlangoni pake. Alisita. Akajiambia, chumba kitupu hiki, walimficha. Akaingia.

Aliona dirisha, kitanda, sanduku. Akaona mgongo wa dada yake mlangoni. Alipozidi kugeuza kichwa akamwona binti yake ameketi mkekani, kanga imemwangukia mabegani, anamtazama usoni.

Mara ya mwisho kumwona alikuwa mtoto anayekimbiza bata. Sasa alikuwa na uso wa mama yake Mfaume, marehemu, yale macho yale yale ya kumpima mtu kabla ya kumjibu. Mfaume alitaka kumsalimu. Alisahau ghala, alisahau miwani. Kisha akasikia sauti ya Abdulswamadu karibu na sikio lake, ikisema mzee akimaliza na yeye yuko tayari.

Mtu wa pili kuvaa miwani hii angekuwa baba mkwe wa Maimuna. Nyuma yake walikuwapo wanaume wa Kibiti nzima. Mwali aliyeonwa na wanaume kabla ya kutolewa ni maneno ya vijiweni mpaka uzeeni, na ndoa nyingi zilivunjika kwa jambo dogo kuliko hilo. Kuisema sababu ilikuwa sawa na kuitangaza. Mfaume akaishika miwani kwa mikono miwili, asiivue.

Siti alikuwa akifuatilia katika kioo cha kompyuta kilichomwelekea yeye peke yake. Aliona kile alichokiona mzee. Akakilaza kioo nusu, akainama.

"Baba," alinong'ona, "sikujua. Wallahi sikujua alikuwamo."

"Kifunge hicho chumba."

"Siwezi kwa sasa hivi. Ni kazi ya siku nzima. Nizime mashine?"

Mfaume akafikiri. Nyumba ikizimwa mara tu baada ya mwenyewe kuiingia, Abdulswamadu hatauliza kwa nini? Na asipopata jibu, hatalitafuta? "Usizime," alisema.

Foleni ilianza kuchoka. Abubakary muuza mashuka, mtani wa Mfaume wa siku nyingi, akapaza sauti kutoka nyuma. "Mfaume, umepanga humo? Sema tukuletee godoro." Watu wakaangua kicheko. Mwingine akasema labda mzee amepotea njia, nyumba yenyewe ni ya matope, amekwama. Abdulswamadu hakucheka, lakini aliitazama saa yake, na watu waliona. Jasho lilimtoka Mfaume chini ya miwani likashuka mpaka kwenye ndevu. Hakuna aliyejua kama ni jasho tupu.


Mkewe, Mwanabaraka, aliyatazama hayo kutoka mkekani. Alikuwa ameishi na mwanamume huyu miaka mingi, na alijua kwamba hawezi kuvumilia kuchekwa hata na mtoto. Akivumilia, kuna kitu anakikalia. Alisimama, akajitanda kanga vizuri, akavuka ghala mbele ya wanaume wote, jambo ambalo hakupata kulifanya maishani mwake.

"Baba Maimuna," alisema polepole, "kuna nini humo?"

Mfaume alipoisikia sauti yake aliivua ile miwani kwa mara ya kwanza. Hakumkabidhi Siti. Alimvalisha mkewe kwa mikono yake mwenyewe, akamwekea kile kidude kiganjani, akasema, "Geuka nyuma yako."

Mwanabaraka aligeuka. Alikaa hivyo muda wa mtu kusoma fatiha. Alipovua miwani uso wake ulikuwa mkavu, na sauti ilikuwa ya mtu anayegawa chakula shughulini.

"Nyumba hii ni ya Mbuchi," aliliambia ghala, "na Mbuchi wageni hukaribishwa nyumbani na mwanamke. Wanawake watatangulia. Wanaume waingie hiyo ya Uarabuni, si ndiko ziliko boriti walizokata?"

Palizuka manung'uniko. Abubakary akauliza tangu lini wanawake wa Rufiji wana foleni ya mbele. Mwanabaraka akamjibu kwamba tangu yeye Abubakary alipozaliwa, maana aliyempokea alikuwa mwanamke na hakumwuliza zamu. Hata wanaume wakacheka. Siti alikuwa mwepesi. Akaeleza kwamba nyumba moja ikishamaliza ndipo nyingine itafunguliwa, na kwamba wazee watakapoingia Omani hawatakuwa na haraka ya kutoka. Abdulswamadu akamkazia macho Mfaume. Mfaume akatazama chini. Mwishowe yule mkwe akasema, "Wenyewe ndio wanaojua nyumba yao," akatoka nje kuvuta hewa, na wengine wakamfuata.

Aliyeketi kitini baada ya Mwanabaraka alikuwa Fatu, mke wa Abdulswamadu. Ni yeye aliyetaka mkwe wa kuwekwa ndani kama zamani, wakati wenzake wengi walishaacha. Mwanabaraka alimvalisha miwani mwenyewe, akabaki amesimama nyuma ya kiti. Alikuwa tayari kuomba radhi na hakujua aanzie wapi.

Fatu alipita barazani haraka, ukumbini haraka. Akafika chumba cha ndani. Kichwa chake kikaenda polepole upande, kikasimama. Mkono wake uliinuka, ukanyooka hewani, vidole vikakunjika kidogo, kama anayeinua kidevu cha mtu.

"Anatazama," alisema kwa sauti ya chini.

"Dada yangu, tunaomba radhi. Ilikuwa bahati mbaya."

"Mwali hatazami. Mimi nilipokuwa ndani niliangalia ukuta mpaka nikaujua kila ufa. Kungwi akiingia naangalia miguu yake." Aliushusha mkono. "Sikujua kama mtu anaweza kukaa mle na macho yake."

Alivua miwani. Akavua na pete kidoleni, akaifungia katika pindo la kanga ya Mwanabaraka, kama wanavyofanya siku mwali anapotolewa, mtu akimwona humtunza. Wanawake waliokuwa karibu waliliona fundo lile. Hawakuuliza. Kila aliyeketi baada yake aliingia nyumba ya Mfaume, akapita barazani, akaliona dari, akafika chumba cha ndani. Alipovua miwani alitafuta alicho nacho: kikuku, kichupa cha mafuta mazuri, leso. Vyote vilishuka mapajani mwa Mwanabaraka. Hakuna aliyepiga kigelegele. Mwanamke mmoja wa Dimani, aliyezika binti yake mwaka uliotangulia, alikaa kitini muda mrefu kuliko wenzake, na hakuna aliyemharakisha.

Jioni wanaume wakaingia Omani. Walitoka wakibishana kama boriti walizoziona ni za mkandaa au za mkoko mwingine, msinzi, na Abdulswamadu alibisha kuliko wote. Wakati wa kuagana alimshika Mfaume mkono, akakiri kwamba dari la namna ile matofali hayana. Mfaume aliyangoja maneno hayo kwa muda mrefu. Yalipokuja aliyaona madogo.


Kesho yake walirudi Mbuchi, na Siti akafuatana nao na kompyuta yake na ile miwani ndani ya mfuko wa plastiki. Mwanabaraka ndiye aliyemwambia aje. Sijaona alipoelezwa alikaa kwenye kizingiti cha jikoni, akajifunika kanga uso mzima, akasema afukuzwe, maana kazi aliyopewa ilikuwa moja tu. Wifi yake akamwambia ainuke akapike. Kamera inayogeuka hata waliosoma wangeikosea. Sijaona akapika, lakini chakula chake alikiacha.

Siti alisema anaweza kumfuta binti kwenye picha, ila pale mkekani patabaki doa jeusi. Au picha iachwe ilivyo, na nyumba iende Omani na kwingineko na Maimuna ndani yake, kwa watu ambao hawamjui wala hawatamjua. Mwanabaraka alimtazama mumewe. Mfaume alikuwa ameshaanza kusema afutwe, kisha akaukumbuka ule uso, akaishia katikati. Alijua akisema afutwe, hatauona tena mpaka siku ya harusi, na siku hiyo utakuwa unaondoka.

"Tumwulize mwenyewe," alisema.

Akaketi nje ya mlango wa chumba cha ndani, mgongo ukutani, kama alivyozoea akitaka kumpa binti yake habari za shamba.

"Maimuna."

"Labeka, baba."

"Mashine ilikuchukua."

"Najua." Kisha, "Uliniona?"

"Nilikuona."

"Nikoje?"

"Umekuwa mtu mzima," alisema. "Mbona hukujifunika, mwanangu?"

Maji yalikuwa yakijaa chini ya nyumba, na kaa walisikika wakikwaruza nguzo.

"Kila siku naona dirisha na kitanda, baba. Kile kilikuwa kinatoka mbali na kilikuwa kinakuja kwangu. Sikutaka kinione. Nilitaka nikione mimi."

Siti aliyasikia hayo. Bila kumwomba mtu ruhusa alichukua mfuko wake, akavua viatu, akaingia chumbani, akafunga mlango. Mfaume alisikia minong'ono, na Sijaona akiuliza kama hicho nacho kinageuka, na Siti akimhakikishia kwamba hiki hakichukui mtu, kinampeleka. Kisha akasikia nyayo za binti yake sakafuni, taratibu, za mtu anayeingia nyumba ya watu.

"Baba," Maimuna aliita, na sauti ilikuwa ya juu, kama ya enzi za bata. "Niko ukumbini kwao. Kuna kuta nyeupe. Kuna mabirika yamepangwa. Juu kuna boriti zetu."

"Zimenyooka?"

"Zimenyooka. Moja ina kifundo."

Mfaume akacheka peke yake. Binti aliendelea kutembea na kumweleza: ngazi ya mawe, kisima katikati ya nyumba, dirisha la kuchongwa ambalo jua linapita vipande vipande. Kisha nyayo zikasimama.

"Hapa kuna mlango hauendi."

Siti alieleza kwamba hicho ni chumba cha wanawake. Wenye nyumba walikataa kisipigwe, na wapiga picha wakauacha mlango umefungwa vile ulivyo. Nyuma yake hakuna picha.

"Lakini watu wamo?"

"Watu wamo. Nyumba inakaliwa."

Mfaume, kwa upande wake wa ukuta, alisogeza sikio mlangoni.

"Na changu kifungeni hivyo hivyo," alisema binti. "Msinifute. Fungeni mlango tu."

Siti akasema nyumba itapungua chumba kizima. Mfaume akajibu kutoka nje, kabla binti yake hajajibu, kwamba haitapungua.

Mfaume alidhani binti amemaliza, atavua ile miwani. Lakini nyayo zilisogea tena, hatua moja mbele, na akasikia kiganja kikigonga hewa mahali pasipo na mbao.

"Hodi," Maimuna alisema. "Hodi humo ndani."

Akangoja, kama mtu mwenye adabu anavyongoja. Nje ya mlango baba yake naye alingoja, ameinamisha kichwa, akisikiliza.